Barua kwa Mwanangu: Mizani Haisemi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata pamoja na zile karatasi za matokeo, nami nimezisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani ya mama yako kwa kuwa yangu imevunjika mkono. Hapa Newala hatujambo. Mikorosho imeanza kuchanua, na kazi ya kupuliza salfa inatutoa kitandani kabla jua halijachomoza, hivyo usishangae ukiona mwandiko huu umechoka.

Umeniambia kwamba kampuni yenu imewajazisha wafanyakazi wote dodoso la vipaji, na kwamba katika watu wanane uliopewa kuwaongoza, yule kijana wa mauzo ameonekana kuwa mchambuzi na mpangaji hodari, ilhali kipaji cha kuwavuta watu asiowajua kimekaa mkiani kabisa. Unataka kujua kama ni haki kumtoa kwa wateja na kumpeleka kwenye hesabu na kumbukumbu. Swali ni zuri. Nitalijibu, ingawa naona mkono wangu unataka kuanzia kwingine.

Nimeelewa kwamba hilo dodoso, CliftonStrengths, lina jozi 177 za sentensi, na kwamba mtu hupewa sekunde 20 kwa kila jozi ili achague inayomwelekea zaidi, kisha majibu yake hupangwa katika vipaji 34, chenye nguvu kuliko vyote kikitangulia. Donald Clifton, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye jina lake limo katika dodoso hilo, alitaka watu watazamwe kwa yale wanayoyaweza badala ya kuhesabiwa upungufu wao, na hapo sina ugomvi naye hata kidogo. Miaka yangu ya ukarani katika ghala la korosho nimewaona viongozi wanaojua kosa la kila kibarua tangu msimu wa juzi, lakini ukiwauliza ni nani anayejua kupanga magunia yasiporomoke, wanatazamana.

Kinachonisumbua ni kwamba aliyepimwa ndiye aliyejipima. Wewe ulikuwa ukinishikia taa, kwa hiyo unakumbuka tulivyopima ubora wa korosho: tunachota kutoka magunia mbalimbali, ya juu na ya chini, tunazihesabu, tunazikata moja moja, tunatenga viini vizima, vyenye madoa na vilivyooza, ndipo tunapiga hesabu ya ratili za kiini kizuri kwa gunia la kilo 80. Dodoso lenu ni kama kuiuliza korosho yenyewe iwapo imeoza. Mama yako alicheka niliposema hivyo, kisha akanikosoa kwamba korosho haijijui, bali mtu hujijua. Huenda. Lakini wako wanaojijua, na wako wanaojua tu walivyoitwa, na dodoso haliwezi kuwatenganisha. Kama ninavyowaambieni siku zote, mtu hufuata jina aliloitwa.

Unajua kwamba nilikuwa karani wa mizani, lakini sidhani kama nimewahi kukusimulia vizuri habari ya mwaka 2007, wakati mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza huku kwetu Mtwara. Wakulima walikuwa wamezoea kulipwa papo hapo na wanunuzi binafsi, na wengine walikwisha kuuza kwa kangomba, ile biashara ya chini kwa chini, tangu maua yakiwa mtini. Sasa wanaambiwa walete korosho ghalani, wapokee malipo ya kwanza, na kilichobaki wakisubiri hadi mzigo uuzwe mnadani. Ilibidi mtu apite vijijini kueleza. Mimi nilijitayarisha wiki nzima. Niliandika kila kato, la ushuru, la usafiri, la magunia na la ghala, nikatafuta mfano wa mkulima mwenye kilo 300 ili hata bibi asiyesoma aone fedha yake inapita wapi. Nilipojitolea kikaoni, mwenyekiti wetu wa wakati huo alitabasamu, akanishika bega mbele ya wajumbe wote, akasema: “Huyu ni mtu wetu wa mizani. Na mizani haisemi.”

Watu walicheka, nami nikacheka nao, jambo ambalo bado linaniuma kuliko maneno yenyewe.

Alitumwa mwenzetu mwenye ulimi mtamu. Kijiji cha kwanza alipigiwa vigelegele, kwa kuwa alijua utani wa Wayao na Wamakonde wote. Kijiji cha pili mzee mmoja akamuuliza kato la ghala linahesabiwaje, naye akajibu kwa hadithi. Mzee akauliza tena, akapewa hadithi nyingine. Mkutano ulivunjika watu wakisema tunawaibia, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na daftari langu mapajani, nimebeba jibu ambalo hakuna aliyeniomba.

Lazima nimtendee haki mwenyekiti. Hakusema uongo. Mizani niliijua kweli, na gunia halikuwahi kupotea mikononi mwangu. Kama leo ningejaza dodoso lenu, kipaji cha kusema mbele za watu kingekuwa cha 34, na yeye angekipunga kile kikaratasi kama ushahidi. Tena inawezekana siku ile ningesimama nikatetemeka, nikasahau hata kilo 300 zangu. Hilo nimelifikiria mara nyingi, na kila nikilifikiria napata jibu tofauti. Ninachojua ni kwamba sifa aliyonipa ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyonifungia mlango.

Halafu nikirudi nyumbani, je, mimi nilifanya nini? Kaka yako alitengeneza baiskeli ya mjomba wenu akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo nikamwita Fundi. Wewe nilikuita Mwanasheria kwa sababu ya ubishi wako. Wewe uliletewa vitabu, yeye akaletewa spana. Gereji yake Masasi inaenda vizuri, sina la kulalamika, na huenda nilimtambua sawasawa. Lakini Idi iliyopita nilimkuta anasoma kitabu cha historia cha mwanawe usiku, peke yake, na alipogundua ninamtazama alikifunika kile kitabu kama mtu aliyekamatwa. Sikumuuliza kitu. Mtu hufuata jina aliloitwa, na aliyempa jina nilikuwa mimi.

Basi nirudi kwa kijana wako. Gallup, wenye dodoso hilo, wenyewe wanasema kwamba limekusudiwa kumkuza mtu, na halikutengenezwa kwa ajili ya kuchagua wa kuajiri. Kumhamisha mtu si kumwajiri, najua utanibishia, lakini kwa anayehamishwa mambo hayo mawili ni ndugu. Tena, kuwa mkiani katika kuvuta watu hakumaanishi kwamba hawezi kuuza. Wako wateja wanaouliza kato la ghala linahesabiwaje, na hao hawatoshelezwi na hadithi. Kwa nini usimfunganishe na yule dada uliyesema anaingia popote bila kubisha hodi, yeye afungue mazungumzo na kijana ayafunge? Na zile karatasi nane usizifungie kabatini. Waite wenyewe, kila mmoja asome yake mbele ya wenzake na aseme ni wapi imemkosea, kwa maana wanaofanya naye kazi ndio waliomwona akibeba mzigo.

Nina uamuzi wangu kuhusu haki uliyoniuliza, nao umenikaa ulimini tangu ukurasa wa kwanza, lakini simjui kijana mwenyewe, na mtu aliyehukumiwa kwa tabasamu hapaswi kuhukumu kwa barua. Nakaribia kuusema, hata hivyo. Wacha ninyamaze.

Kabla hujamhamisha, kaa naye faragha umuulize jambo moja: katika vipaji vilivyokaa juu, ni kipi anakipenda, na ni kipi anakifanya kwa sababu walimu na mabosi wamemwambia tangu zamani kwamba ndicho chake? Usimharakishe, sekunde 20 hazitamtosha. Kisha uniandikie alichojibu, kwa maneno yake mwenyewe na si kwa muhtasari wako, Mwanasheria.

Ni mimi baba yako.