Boneti inatoka fupi, madigadi hayalingani: kasoro imeanzia wapi?

Swali: Fundi, salaam. Natengeneza modeli ya Volkswagen Beetle kwa skeli ya 1/24, kila kipande nakikata mwenyewe kutoka kwenye shiti za plastiki. Nilipata picha nzuri ya ubavuni, nikaikuza mpaka umbali kati ya ekseli mbili ukawa sahihi, kisha nikafuata mistari yake. Magurudumu yamekaa panapotakiwa, lakini gari linaonekana limebanwa mbele na nyuma, boneti ni fupi, na madigadi ya kulia hayafanani na ya kushoto. Nimejaza puti nyingi ili kurekebisha, nayo imepasuka. Je, gari hili linaokoleka? Na bodi yenye mviringo kila mahali hivi hujengwaje?

Jibu: Salaam, ndugu yangu. Mkono wako hauna tatizo, na hesabu yako ya ekseli ni sahihi: Beetle ina milimita 2400 kati ya ekseli, na ukigawa kwa 24 unapata 100 kamili. Tatizo ni kwamba picha moja haiwezi kupimwa kwa rula moja.

Fikiria mpiga picha amesimama mita 4 kutoka kwenye magurudumu. Magurudumu, mlango na madigadi ya upande wake viko karibu naye. Lakini mgongo wa boneti, kilele cha paa na mkunjo wa nyuma vinapita katikati ya upana wa gari, takriban sentimita 75 mbali zaidi. Kwa umbali huo, kilicho katikati kinaonekana kidogo kwa karibu asilimia 16 ukilinganisha na kilicho ubavuni. Wewe ulikuza picha kwa kufuata ekseli, kwa hiyo ubavu ukatoka sawa na mstari wa katikati ukabaki umesinyaa. Upungufu huo wote unaonekana kwenye ncha mbili za gari, mbele ya ekseli ya mbele na nyuma ya ekseli ya nyuma. Ndiyo maana boneti yako ni fupi ilhali magurudumu yako mahali pake.

Tafuta picha iliyopigwa kutoka mbali kwa lenzi ya kuvuta. Kwa mita 20, tofauti ile ile inashuka chini ya asilimia 4. Kisha ichape mara mbili. Nakala ya kwanza ikuze kwa kufuata ekseli, uitumie kwa vitu vya ubavuni tu: magurudumu, mlango, matao ya madigadi. Nakala ya pili ikuze mpaka urefu wote wa gari ulingane na vipimo vya kiwanda, uitumie kwa mstari wa katikati tu, yaani boneti, kioo cha mbele, paa na mkia. Amua pia ni Beetle ya mwaka gani kabla hujakusanya vipimo. Kioo cha nyuma kilikuwa vipande viwili mpaka 1953, kikawa cha umbo la yai mpaka 1957, kisha kikawa cha pembe nne na kikubwa zaidi. Ukichanganya picha za miaka tofauti, mkia utakusumbua hata kama kila kipimo ulikichukua kwa uangalifu.

Sasa bodi. Umbo kama hili halijengwi kwa kuunganisha vipande bapa na kuvifunika kwa puti. Linachongwa kwanza kama kalibu, halafu plastiki iliyolainishwa kwa joto inavutwa juu yake. Kata umbo la mstari wa katikati kutoka kwenye shiti ya plastiki ya milimita 0.5, kisha libane kwa gundi kati ya vipande viwili vya mbao laini isiyo na nyuzi kubwa. Plastiki hiyo ndiyo mpaka wako. Unachonga na kupiga msasa pande zote mbili mpaka uufikie ukingo wake, na ukishauona unang'aa unasimama hapo. Ukiendelea kuupunguza, umepoteza umbo lote. Mimi hupaka ukingo huo wino mweusi ili nijue mara moja nikianza kuula.

Ulinganifu wa kulia na kushoto usiuachie macho, maana macho huzoea kosa haraka sana. Chonga upande mmoja kwanza mpaka uridhike nao. Kata violezo vya kadi vinavyokaa juu yake katika sehemu kadhaa: kwenye boneti, chini ya kioo cha mbele, katikati ya mlango, nyuma ya mlango. Vigeuze, uvijaribu upande wa pili. Penye mwanga kati ya kadi na mbao bado kuna shimo, na kadi inapokwama bado kuna nyama ya kuondoa. Ni kazi ya kuchosha, lakini hapa ndipo modeli nzuri inapopatikana, na sijaona njia ya mkato inayofaa.

Madigadi usiyachonge pamoja na bodi. Kwenye gari lenyewe yamefungwa kwa bolti, na kati yake na bodi kuna utepe mwembamba unaozunguka. Fuata ujenzi huo huo: kalibu ya bodi peke yake, kalibu za madigadi peke yake, na utepe uutengeneze kwa waya wa milimita 0.3. Faida ni mbili. Plastiki haitanasa kwenye mikunjo inayoingia ndani, na maungio hayahitaji kufichwa, kwa sababu hata kwenye gari halisi yanaonekana.

Kwa kuvuta plastiki, tumia shiti ya polistairini ya milimita 1 na kisanduku chenye matundu kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Polistairini huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Usiivute inapoanza tu kujikunja. Ngoja ilegee na kubonyea katikati. Ikivutwa hunyumbuka na kuwa nyembamba, hasa chini ya milango, kwa hiyo kalibu huipunguza milimita 0.7 hivi kila upande kuliko umbo la mwisho, halafu napima ganda la kwanza na kusahihisha. Fanya kazi hii penye hewa ya kutosha.

Puti yako ilipasuka kwa sababu ilikuwa nene. Puti ya kawaida ya modeli hukauka kiyeyusho chake kinapopotelea hewani. Juu hukauka kwanza, ndani inaendelea kusinyaa, na kiyeyusho hicho hicho hulainisha plastiki nyembamba iliyo chini. Shimo kubwa lijaze kwa vipande vya plastiki na gundi inayoyeyusha plastiki, au kwa puti ya vijenzi viwili inayogandishwa na mmenyuko wa kikemikali. Puti ya kawaida iwe ya mikwaruzo tu.

Utakutana pia na suala la unene. Bati la gari la milimita 0.8 lingekuwa milimita 0.03 kwenye skeli yako, jambo lisilowezekana kwa plastiki. Usihangaike na bodi nzima. Punguza unene wa ukingo tu, kwa kuukwangua kutoka ndani kwenye matao ya madigadi na madirisha, kwa sababu mtazamaji huona ukingo na kuamini bodi yote iko hivyo. Mwanya wa mlango wa milimita 4 unakuwa takriban 0.17, na rangi huujaza haraka. Uchore kabla ya praima (rangi ya msingi), praima ikikauka upitishe tena kisu kwa mgongo wake, ndipo upake rangi.

Bodi uliyonayo siwezi kukushauri uiokoe. Ncha zake mbili ni fupi, na kuziongezea ni kuanzisha mlima mwingine wa puti. Toa magurudumu na chesisi, hivyo ni sahihi na utavitumia. Ganda lenyewe libaki la kufanyia mazoezi ya kuchora mianya ya milango na kujaribia rangi, wakati unachonga kalibu mpya.