Meza ya msumeno ikikwama, usikimbilie grisi wala spana

Kamwene ndugu zangu mafundi. Juzi dogo mmoja wa Makambako kanitumia meseji, "Shikamoo fundi, mashine yangu ya kukatia bodi, ile meza yake ya kuteleza inakwama katikati, nimepaka grisi mara tatu bado, au nilegeze rola?" Nikaisoma mara mbili. Grisi na kulegeza, hivyo vitu viwili ndivyo vilivyonifanya nilie mbele ya vijana wangu mwaka jana.

Nilimjibu kwa kifupi ila naona niandike hapa kirefu mana najua mko wengi, na wote tunataka kutoka kwenye vitanda na stuli za oda moja moja tuingie kwenye makabati ya jikoni na ya hoteli, ile kazi ambayo mteja anakuja na futi yake mkononi.

Mimi karakana yangu iko Mafinga. Mbao kwetu sio shida, msitu wa Sao Hill uko hapo hapo, paina ndio tunalala nayo tunaamka nayo. Mashine niliinunua used kwa hela ya kupasulia watu mbao, na siku inashushwa kwenye Kenta nilijiona nimemaliza kila kitu. Ikaja Juni. Nyie wa huku mnaijua Juni ya Mafinga, asubuhi vidole haviskii spana. Meza ikaanza kuwa nzito, kijana anaisukuma kwa kifua, nikachukua kopo la grisi nikapaka reli zote mbili mwanzo mpaka mwisho na nikajisifu. Siku mbili ilikuwa inateleza kama sabuni. Wiki haijaisha imekuwa nzito kuliko mwanzo, nikaongeza nyingine, ikakwama kabisa, ndipo nikachukua spana nikalegeza zile rola za chini, vigurudumu vinavyobeba meza juu ya reli, mpaka ikaenda vizuri. Nikajisifu tena.

Oda iliyokuwa mezani ni milango 24 ya kabati la jikoni, nyumba ya mama mmoja Gangilonga, Iringa mjini. Tumekata, tumebandika ejingi, ule utepe wa kufunika kingo za bodi, tumepakia, kilomita themanini na kitu mpaka kwake. Tunafunga mlango wa kwanza juu umeachia, chini unagusa. Wa pili hivyo hivyo. Nikapima kona kwa kona, mlango wa sentimita 72 kwa 40, umepishana milimita 3, mwingine 2, mwingine uko sawa, yaani hata kosa lenyewe halifanani. Yule mama akasimama mlangoni akaniambia taratibu tu, "Fundi, hii ndiyo kazi ya mashine uliyoniambia?" Hakusema zaidi ya hapo, ilitosha. Kazi akampa mtu mwingine, bodi nikalipa mimi. Mpaka leo nikipita ule mtaa naangalia upande wa pili wa barabara, bado inaniuma.

Nimerudi usiku ule ule nikatoa plagi ukutani (tafadhali, plagi, sio swichi tu), nikaivua meza. Reli haionekani. Kuna uji mweusi mgumu umejaa, nikaukwangua kwa kipande cha mbao ukatoka mzima mzima kama udongo wa mfinyanzi, unanukia paina, na katikati yake rola imechimba njia yake kama tairi la bodaboda kwenye tope. Hapo ndio nikaelewa. Grisi inashika unga wa mbao, utomvu wa paina unaugandisha, na baridi inakaza grisi yenyewe. Rola haitembei juu ya chuma tena, inapanda na kushuka vilima vya takataka. Mimi nikailegeza ipate nafasi, na nafasi hiyo hiyo ndio meza ikawa inacheza kushoto na kulia wakati bledi inakata.

Kwa hiyo dawa yangu ni hii. Kwanza safisha. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinayeyusha utomvu, futa reli mpaka kitambaa kitoke cheupe, ila usimwagie rola zenyewe mana mafuta ya taa yakiingia kwenye beringi yanaosha grisi yake ya ndani na umeiua. Reli ya wazi haitaki grisi. Matone mawili ya oili ya cherehani kwenye kitambaa, pitisha, alafu futa tena kama unaitoa. Juu ya meza ya chuma sugua mshumaa kisha ung'arishe kwa kitambaa kikavu. Silikoni ya kupuliza iweke mbali na karakana, ikigusa mbao vanishi inatoa macho macho, yaani vitundu vitundu ambavyo vanishi haishiki. Oili chafu ya gari ndio usiniambie kabisa, nimeona watu wanaipaka, inachafua bodi ya mteja. Kama mashine yako ina zile beringi zilizofungwa zenye kitundu cha kuingizia grisi kwa pampu, hiyo ni habari nyingine, hiyo inataka grisi, lakini ndani.

Ikishakuwa safi ndio ushike spana. Rola nyingi zina boliti ambayo ukiizungusha rola inapanda au kushuka. Kaza moja moja mpaka meza isicheze ukiinyanyua kwa mkono, ila meza ikiwa imesimama uweze kuizungusha rola kwa vidole kwa shida kidogo. Ukikaza zaidi unakula reli.

Alafu jaribu. Chukua MDF, ile bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa, nusu mita kwa nusu mita, kata upande mmoja, zungusha ule uliokatwa uegemee fensi, yaani kile chuma cha kuegemeza bodi kwenye meza, kata, hivyo mpaka wa nne, mkato wa tano utoe kipande chembamba. Pima upana wake ncha zote mbili kwa venia, kile kipimo cha chuma cha milimita ndogo ndogo. Tofauti unayoipata ni kosa mara 4, igawe kwa 4. Mimi nilianza na milimita 2, yaani nusu milimita kila mkato, nikasogeza fensi kidogo kidogo mpaka ile tofauti yote ikafika 0.4, nikaacha hapo.

Na ndugu zangu tuache kusema mashine za siku hizi mbovu. Unafunga kazi jioni unafagia sakafu, reli hujaigusa mwezi mzima, alafu unailaumu mashine? Futa reli kila jioni. Dakika tano. Fundi anayetaka kazi kubwa anafuta reli kila jioni, hata kama umeme umekatika na hujakata bodi hata moja.

Dogo wa Makambako kanijibu jana usiku, katuma picha ya uji wake ameuweka kwenye kipande cha gazeti, mweusi kama wangu. Nimemwambia leo akaze rola akianzia ya mwisho, na bodi ya mteja asiiguse mpaka anitumie vipimo vya kile kipande cha mkato wa tano.