Fungu la mtu mmoja halipo sokoni

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Unaishi peke yako. Unapika au unanunua, na kwa nini?" Najua wengi watajibu kwamba mtu wa peke yake hapiki kwa sababu ya uvivu. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba Mabatini hapa Mwanza, huu mwaka wa saba nakula peke yangu, na hilo nalikataa. Uvivu upo, sikatai. Lakini kilichokuwa kinanipeleka kwenye kibanda cha chipsi kila jioni ni fungu.

Nenda soko lolote la mji huu. Nyanya fungu, bamia fungu, matembele fungu la kuwatosha baba, mama na watoto wanne. Ukiomba nusu unaulizwa mbele za watu: "Ngosha, hiyo nusu unampelekea nani?" Unabeba lote kwa aibu. Sina friji, kwa hiyo siku ya tatu nyanya zinatoa maji, mchicha umegeuka njano, nawe unajiapiza kwamba kupika ni hasara. Ndivyo nilivyokuwa mtu wa chipsi mayai, na mfuko ukitoboka, mtu wa mihogo ya kukaanga. Mpaka mwaka juzi nesi aliponipima presha, akanyamaza, akapima tena, kisha akaniuliza jioni huwa nakula nini.

Chumvi alinipimia kwa kijiko: kwa siku nzima isifike gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, tena kisicho na kilima. Humo mna chumvi ya kwenye mkate, na ile anayoimwaga muuza chipsi kabla hujafungua mdomo. Siku hiyo nikaagana na kayabo, yule sangara wa kukaushwa kwa chumvi. Iliniuma, niseme kweli.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni sufuria ndogo yenye mkono. Mtu atacheka, lakini ajaribu kusonga ugali wa sahani moja kwenye sufuria ya familia. Maji kidogo yakitandazwa chini yanakauka unga haujaiva, na mwiko unabaki kufukuzana na donge moja huku na huku. Kwenye kisufuria changu, vikombe viwili vya maji vinatosha, na hakuna cha kulala.

Samaki ndiye aliyenisumbua zaidi, jambo la ajabu kwa mtu anayeishi kando ya ziwa hili. Kuvua samaki wachanga ni marufuku, kwa hiyo sato wa halali ni mkubwa kuliko tumbo langu. Nilikula sato mmoja mchana, usiku na asubuhi yake, nikamchukia. Siku hizi nina ubia na mama mwenye nyumba, naye anaishi peke yake tangu watoto waondoke. Jumamosi tunachangia sato mmoja: yeye anachukua kichwa na kipande cha kifuani, mimi nachukua kilichobaki, kila mtu anachemsha kwenye jiko lake kwa ndimu, tangawizi na nyanya. Hatuli pamoja. Ananiambia, "Baba, mimi nikila nataka kusikia redio yangu."

Katikati ya wiki natembea na dagaa. Kama kuna samaki aliyeumbwa kwa ajili ya mtu mmoja, ni huyu. Unachota kiganja chako, mfuko unaufunga, wengine wanakusubiri wiki nzima. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu huiachi pembeni ya sahani, na wa kuanikwa juani bila chumvi anapatikana kwa urahisi. Ubaya wake ni mchanga. Nawaosha kwa maji ya moto mara tatu, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka waanze kulia, ndipo naweka mafuta kijiko kimoja, kitunguu na nyanya. Nanunua Mwaloni, Kirumba, siku za giza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu ya kuwavuta, basi wavuvi hupumzika na bei hupanda.

Maharage nimeyashindwa. Mkaa wa saa mbili kwa bakuli moja, hapana. Nanunua yaliyochemshwa tayari, naunga mwenyewe.

Kuhusu mboga, jibu lilikuwa kwetu Magu muda wote nami nikiliona la kishamba. Mama yangu alikuwa akinitumia nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, nami nagawa kwa majirani. Sasa fungu la kunde nikilileta, nusu napika siku hiyohiyo, nusu nalichemsha kidogo na kulianika kwenye ungo juu ya bati. Likikauka linakaa miezi, na fungu halinitishi tena. Wakati wa kupika naloweka, naweka karanga za kusaga, na nikishaipua nakamulia limau, kwa sababu vitamini C hupotea sana kwenye kukausha, na limau husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Chumvi naweka ncha ya kijiko tu. Miezi miwili ya kwanza kila kitu kilikuwa na ladha ya maji, baadaye ulimi ukazoea.

Chipsi sijaacha kabisa. Ijumaa moja moja nikimaliza sare za shule usiku, napita kibandani, nasema mapema: usiweke chumvi.

Jumamosi iliyopita mama mwenye nyumba alikuwa Ukerewe msibani. Nilinunua sato peke yangu kwa mazoea, nikajikuta nimebaki na kichwa. Nilikichemsha. Mashavu ni matamu kweli, nimeelewa kwa nini alikuwa hakubali tubadilishane. Macho yalinishinda.