Usimwambie “nenda kule”: majibu kwa maofisa wapya wa wanafunzi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana walioajiriwa, au wanaotafuta ajira, katika ofisi za Mshauri wa Wanafunzi vyuoni. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi na bado ninaipenda. Nimechagua sita.

Nina shahada ya sosholojia na nimeitwa kwenye usaili wa uofisa wa wanafunzi. Nisome nini? (K., Morogoro)

Soma kanuni za wanafunzi za chuo chenyewe na mwongozo wa mikopo wa mwaka huu. Wengi wanakariri nadharia za ushauri nasaha, halafu wanaulizwa jambo la kila mwaka: Ijumaa saa kumi jioni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kafika na sanduku lake. Jina halimo kwenye orodha ya mkopo, ada hana, pa kulala hana. Utafanya nini? Hapo kimya kinatanda.

Kwanza kitanda, siku hiyo hiyo. Kisha keti naye, mlinganishe namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyoijaza kwenye maombi ya mkopo na ile iliyo kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na mwaka wa mtihani. Aliwahi kuja kwangu binti kutoka Kibondo, bahasha ya kaki imelowa jasho mkononi. Alikuwa amezungushwa siku tatu: mhasibu kamwambia nenda mikopo, mikopo wakamwambia nenda udahili, udahili wakamrudisha kwa mhasibu. Tarakimu mbili zilikuwa zimepishana. Kuliona hilo kulichukua dakika kumi. Kulirekebisha kulichukua wiki mbili, na wiki hizo zote aliingia darasani kwa sababu tulimwandikia mhasibu barua kwamba suala lake linafahamika na linashughulikiwa.

“Nenda kule” ndilo neno linaloharibu ofisi zetu, K. Nyanyua simu wewe, au ongozana naye mpaka dirishani. Na kesho yake mtafute umuulize limefikia wapi, usingoje arudi mwenyewe. Anayejua kufanya hivyo nitamwajiri kabla sijatazama cheti chake.

Mshahara wa afisa wa wanafunzi ni shilingi ngapi? (Wasomaji wanne)

Ngazi ya mshahara imeandikwa kwenye tangazo la kazi. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Ndugu zangu, someni tangazo hadi mwisho kabla ya kuandika, maana kazi mnayoiomba ni ya kusoma nyaraka za watu wengine kwa makini.

Mimi ni wadeni (msimamizi wa bweni) mpya. Wanafunzi wanabebana sana vyumbani: asiye na kitanda analala kwa mwenzake. Nifanye msako usiku? (Dar es Salaam)

Hapana. Msako wa saa nane usiku unakupa orodha ya waliokimbia, na kesho hakuna atakayekufungulia moyo.

Wanabebana kwa sababu vitanda havitoshi. Hata Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako hosteli za Magufuli zilifunguliwa mwaka 2017 zikiwa na nafasi 3,840, mahitaji yalibaki makubwa kuliko vitanda. Piga hesabu za mwanafunzi unayetaka kumtoa. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Bumu, yaani fedha hiyo ikitolewa kwa mkupuo, la siku 60 ni shilingi 600,000. Mwenye nyumba Sinza anataka kodi ya miezi sita mkononi. Atakula nini?

Lakini hatari ipo, na usiifumbie macho. Chumba cha watu wanne kikiwa na wanane, na jiko la koili chini ya kitanda, moto ukitokea hujui hata umtafute nani. Kwa hiyo pita mchana, ukiwa na mwakilishi wa bweni, uombe majina ya wanaolala pale na uahidi kwamba orodha ni ya usalama. Ahadi hiyo uitimize. Majiko yaondoe siku hiyo hiyo, hilo halina mjadala. Na kama wewe ni mwanaume, usiingie peke yako bweni la wasichana, hata ukiitwa na mwenye chumba.

Mwanafunzi amenieleza kwamba mhadhiri anamtaka kimapenzi ndipo ampe maksi. Ameniomba nisimwambie mtu. Nifanyeje? (F., Dodoma)

Siku nyingine, kabla mtu hajaanza kusimulia, mwambie wazi kwamba utamtunzia siri, ila yapo mambo huwezi kuyabeba peke yako. Ukiahidi kila kitu mwanzoni utalazimika kuvunja ahadi.

Sasa rudi kwake. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe na saa, bila kuongeza maoni yako. Mwombe asifute ujumbe hata mmoja kwenye simu. Mweleze kwamba rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kwamba TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa bure kwa namba 113, na kwamba chuoni kama lipo dawati la jinsia utampeleka mwenyewe. Akikubali, nendeni leo. Akisita, mpe muda, ila panga naye siku ya kuonana tena.

Usithubutu kuwaita wote wawili “mkae mlimalize”. Nimeyaona hayo, na aliyenyamazishwa siku zote alikuwa msichana.

Na jina lake lisiguse kundi lolote la WhatsApp, hata la maofisa watupu. Katika chuo kimoja nilichofanyia kazi, afisa aliweka jina la mwanafunzi kwenye kundi la ofisi “kwa taarifa” asubuhi. Kufikia mchana wahudumu wa kantini walikuwa wanalijua. Yule mwanafunzi hakurudi darasani. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Isome, F., kwa sababu faili lililo mezani kwako ni maisha ya mtu.

Viongozi wa serikali ya wanafunzi hawaniheshimu kwa kuwa tunalingana umri. Nitumie kanuni za nidhamu? (Mwanza)

Jibu barua zao kwanza. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi pale Mlimani, Symonds Akivaga, alimwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi kulalamikia uongozi usiowashirikisha wanafunzi. Mwezi Julai askari wenye silaha walimtoa chuoni, akarudishwa kwao Kenya, na wenzake wakagoma kuingia madarasani. Chuo kilihitaji muda mrefu kupoa. Barua inayokuja ofisini kwako ni nafuu kuliko mgomo, kwa hiyo ijibu kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, na taja siku utakayowaona. Heshima utaipata hapo.

Sijasomea ushauri nasaha. Mwanafunzi akisema hataki tena kuishi, nimwambie nini? (Iringa)

Maneno machache. Mwamini, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na umsikilize bila mahubiri. Usimwache peke yake hata kwa dakika za kwenda kutafuta funguo. Ongozana naye zahanati ya chuo, ukae mpaka mganga ampokee. Na jambo hili lifanye wiki ya kwanza ya muhula, kabla hajatokea yeyote: pitia orodha uone nani hajalipia bima ya afya, uwatafute mmoja mmoja. Usiku utakaomfikisha mtu kwenye dirisha la zahanati usiwe ndio unagundua kwamba kadi hana.