Urembo wa bapa la kisu cha kukunja kwa mkazi wa pwani

Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Umeuliza ni urembo gani ukifaao kisu cha kukunja utakachokibeba mashuani hapa Lamu: bapa linalong'aa kama kioo, lililopakwa weusi, au la Dameski lenye mawimbi.

Dameski, nakiri, ndiyo inayonivutia macho, kwani mawimbi yake hutokana na vyuma vya aina mbili vilivyofuliwa pamoja kwa matabaka, kisha bapa likatiwa asidi inayokula chuma kimoja zaidi ya kingine mpaka michoro ikajitokeza. Hata hivyo, vyuma hivyo mara nyingi ni vya kaboni, navyo havistahimili chumvi. Ukikata chambo asubuhi na kukikunja kisu bila kukisuuza kwa maji matamu, jioni huenda ukakuta madoa ya kutu.

Mng'ao wa kioo hukinza kutu kuliko bapa lililopulizwa mchanga kwa nguvu ya hewa hadi likafifia, kwa sababu uso laini hauna vishimo vya kuhifadhi chumvi, ila kila mkwaruzo huonekana. Weusi husaidia kuzuia kutu, lakini makali hubaki wazi kila yanaponolewa.

Mimi ningechagua chuma cha pua, yaani kisichoshika kutu upesi, kilichosuguliwa kwa vijiwe ndani ya pipa linalozunguka, chenye uso wa kijivu unaoficha mikwaruzo, ingawa dukani hakimvutii mtu. Kwenye kiungo cha kukunjia tia tone la mafuta ya cherehani, wala si ya nazi, ambayo baadaye hunata.