Mafuta ya breki ya Beetle yanapungua lakini chini hakuna tone

Habari mkuu. Umesema Volkswagen Beetle yako ya 1972 inapungua mafuta ya breki kila wiki, na ukiegesha huoni tone. Usiishie kuongeza tu, ni hatari kweli.

Anza na matairi. Chungulia upande wa ndani. Penye unyevu fungua dramu ya breki. Silinda ya tairi, ile inayosukuma brekishuu, huvujia humo humo na kulowesha brekishuu. Yangu ilikuwa ya nyuma kushoto, wakati fundi ameshanibadilishia masta silinda (pampu kuu ya breki) bila sababu! Brekishuu zilizolowa usizifute, weka mpya.

Ukimaliza, jaza mafuta ya breki aina ya DOT 4 ya kopo lisilofunguliwa, utoe upepo kwenye mabomba ya breki ukianzia tairi la mbali na masta silinda. Mafuta haya hunyonya unyevu, na Dar unaujua. Mimi hubadilisha yote kila miaka 2. Mipira ya silinda usiioshe kwa petroli, itavimba.