Kabla ya Kuuliza Kama Kuna Nafasi, Waulizeni Wataondokaje

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: je, soko la konsoli za gemu bado lina nafasi ya kampuni mpya wakati Sony, Nintendo na Microsoft wamekwisha kulikalia? Najua wengi watajibu kwa kupima nguvu: nani ana fedha, nani ana studio, nani ana chipu kali zaidi. Mimi swali limenigusa pabaya, kwa hiyo nitalijibu kwa upande wa anayelipa. Kampuni ikija kwa vifijo, ikashindwa, ikafunga virago, aliyenunua mashine yake anabaki na nini?

Msimamo wangu nautaja mapema: hapana. Sitaki mgeni mwingine mlangoni. Orodha ya walioingia na kuanguka ni ndefu, na wengi wao hawakuwa maskini. Philips alikuja na CD-i mwaka 1991. Apple alishirikiana na Bandai kuleta Pippin mwaka 1996, na leo hata wapenzi wa Apple wengi hawajui kama iliwahi kuwepo. Nokia, wakati simu zake zimejaa mifukoni mwa dunia nzima, alitoa N-Gage mwaka 2003, na ili ubadilishe gemu ilibidi kwanza uchomoe betri. Mtu yeyote aliyewahi kucheza gemu angeliona kosa hilo kabla mashine haijatoka kiwandani.

Anayenifundisha zaidi ni 3DO ya mwaka 1993. Wazo lilikuwa zuri: kampuni inachora mashine, halafu Panasonic na wengine wanaiunda na kuiuza. Ila hapo ndipo ilipojikwaa. Katika biashara hii mashine yenyewe mara nyingi huuzwa kwa faida kiduchu au hata kwa hasara, na fedha hurudi kupitia gemu, kwa sababu kila gemu inayouzwa mwenye mashine anachukua fungu lake. Panasonic hakuwa na fungu kwenye gemu, basi ilimbidi atafute faida kwenye mashine. Bei ikatoka dola 699. Nani angenunua? Na wanunuzi wakiwa wachache watengeneza gemu hawaji. Watengeneza gemu wasipokuja wanunuzi nao hawaji. Kila mgeni huanzia kwenye mzunguko huo, na wengi hufia humo humo.

Sasa niseme kwa nini swali limeniuma.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado mwanafunzi. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetoa mashine ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni. Haikuwa na sehemu ya diski wala katriji. Gemu zote zilipakuliwa kutoka duka lake la mtandaoni. Mdogo wangu alisoma kila kilichoandikwa juu yake. "Dada," aliniambia, "hii ndiyo itakayowaangusha wakubwa." Akajibana, akaweka akiba, na ilipobaki kidogo nikamwongezea. Sikuwa na shaka yoyote. Mashine ilipofika tuliifungua pamoja, na lazima niwe mkweli: ilikuwa nzuri. Padi yake ilikaa mkononi vizuri kuliko za wakubwa. Iliwaka haraka. Gemu zake nyingi zilikuwa za watengenezaji wadogo, zenye ubunifu ambao huukuti kwenye gemu za mabilioni.

Gemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kujenga kijiji. Unaanza na kibanda kimoja na kisima, unapanda, unavuna, wahamiaji wanafika mmoja mmoja, na kila mmoja unampa jina na kazi. Majina ya ukoo wetu wote aliyaingiza humo. Babu yetu alikuwa mhunzi. Mimi nilikuwa mganga, na nyumba yangu aliijenga kando ya mto kwa sababu alijua napenda maji. Shangazi mmoja aliyekuwa amefariki alimpa bustani kubwa kupita wote. Hilo hakunieleza, nililiona mwenyewe siku moja nilipokaa nimtazame anavyocheza, na sikumuuliza.

Kisha likaja tangazo. Halikuja kwa barua. Lilikuwa kijisanduku katika ukurasa wa mwanzo, limebanwa kati ya matangazo mawili ya punguzo la bei, likisema huduma itafungwa na kwamba kampuni inatushukuru kwa kuwa nayo katika safari yake. Mdogo wangu alinisomea kwa sauti. Tulielewa kwamba duka ndilo linalofungwa. Haya, hatutanunua tena. Lakini gemu tulizokwisha kupakua si zimo ndani ya mashine? Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, haikutosha kubeba zote alizolipia, basi tukakaa tukichagua zipi zibaki na zipi zifutwe. Alichagua polepole mno. Kuna gemu alizifuta, akazirudisha, akazifuta tena.

Siku ilipofika aliwasha mashine. Nembo ikaja, muziki ukalia, kisha ukatokea ukurasa wa kuingia kwenye akaunti. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu ujumbe: seva haipatikani. Hakuna kitufe cha kuuruka ukurasa ule. Gemu zilikuwa mle ndani, zimejaza kumbukumbu yote, ila kufuli lake lilikuwa linaomba ruhusa kwa seva ambayo haipo tena duniani. Alizima na kuwasha jioni nzima. Alichomoa waya, akasubiri, akachomeka. Mimi nikaandika barua pepe kwa huduma kwa wateja, likarudi jibu la kiotomatiki likinielekeza kwenye ukurasa wa msaada, na ukurasa wa msaada nao ulikuwa umefungwa.

Muda ulipita, kisha akagundua kwamba kuna watu wanaojitolea, wapenzi wa mashine ile ile walioko pande mbalimbali za dunia, waliounda programu ya kulizunguka lile kufuli. Hawakulipwa na mtu. Alifuata maelekezo yao hatua kwa hatua, mikono ikimtetemeka, maana ukikosea mashine inakufa moja kwa moja. Baadhi ya gemu zikafunguka. Gemu ya kijiji ikafunguka pia, lakini kumbukumbu za mchezo wake zilikuwa zinahifadhiwa kwenye seva ya kampuni. Alikuta kibanda kimoja na kisima.

Watu wazima humwambia kijana kwamba hizo ni gemu tu. Mimi naona alidhulumiwa kitu alichokilipia. Hata ukiliacha suala la fedha, kazi iliyohitajika kuzuia yote hayo ilikuwa ndogo: sasisho moja la mwisho la kuondoa lile sharti la kuingia kwenye akaunti, na njia ya kupakua kumbukumbu za michezo. Ikiwa wanaojitolea waliweza kulifungua kufuli kutoka nje bila ufunguo, mwenye ufunguo alishindwa nini?

Nilipofika hapa nilitaka kufunga barua yangu kwa ile hapana. Lakini nimekumbuka Stadia, na haki inanitaka niieleze. Google aliitangaza Machi 2019 na kuifungua Novemba mwaka huo: gemu zinaendeshwa kwenye kompyuta za Google, wewe unapokea picha tu kupitia intaneti. Februari 2021 akafunga studio zake mwenyewe za kutengeneza gemu, na kuanzia hapo kila mwenye macho aliona mwisho unakuja. Julai 2022 akaunti ya Stadia kwenye Twitter ilikuwa bado inawahakikishia watu kwamba haifungwi. Septemba 29 ikatangazwa kwamba inafungwa, na Januari 18, 2023 ikazimwa. Hilo la Julai sitalitetea. Hata hivyo Google alirudisha fedha za gemu zilizonunuliwa katika duka la Stadia na za vifaa vilivyonunuliwa katika duka lake, ingawa ada za kila mwezi za uanachama hazikurudishwa. Kisha akatoa zana ya kuifungua padi ya Stadia itumike kwa Bluetooth kwenye kompyuta au simu. Padi ambayo ingekuwa takataka ikabaki padi.

Mtasema Google ana fedha za kurudisha. Kweli, kampuni ndogo inayofilisika haina. Ila ile zana ya padi haihitaji utajiri; inahitaji mtu mmoja kikaoni wa kuuliza, "Na waliotununulia je?"

Na hapa nauona udhaifu wa hapana yangu, kwa sababu hata wakubwa wa leo wawili walikuwa wageni. Sony aliingia kwa kuachwa kwenye mataa. Mwaka 1991, kwenye maonyesho ya Chicago, alitangaza mashine ya CD aliyokuwa anaishughulikia pamoja na Nintendo, na kesho yake Nintendo akatangaza kwamba anakwenda na Philips. Ken Kutaragi, mhandisi wa Sony, hakukubali kazi ile ifie hapo. PlayStation ikatoka Japani Desemba 1994. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya E3 Marekani, Sega, kampuni nyingine ya konsoli kutoka Japani, alisema mashine yake mpya ya Saturn itauzwa dola 399 na kwamba tayari imeanza kuuzwa; ofisa wa Sony akapanda jukwaani, akataja 299, akashuka. Kama wachezaji wa wakati ule wangesema kama nilivyosema mimi hapo juu, kwamba hawataki mgeni mlangoni, historia yote hiyo tusingekuwa nayo.

Microsoft naye aliingia Novemba 2001 na Xbox ya kwanza ikala hasara ya mabilioni ya dola. Angeweza kuondoka. Alibaki, akatoa Xbox 360 mwaka 2005, na mashine nyingi zikaanza kufa na ile duara nyekundu ambayo kila mchezaji wa kizazi kile anaijua. Julai 2007 akaongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 3, kwa gharama iliyozidi dola bilioni 1. Mashine ilikuwa mbovu, tena mbovu sana, lakini aliyeiuza hakumkimbia mnunuzi.

Ugeni basi si dhambi, wala ukongwe si dhamana. Sega alikuwa mkongwe. Novemba 1994 aliwauzia Wamarekani 32X, kifaa cha kupachika juu ya mashine yao ya zamani, mwezi ule ule ambao Saturn ilianza kuuzwa Japani, na 32X ikatelekezwa upesi. Ilipofika Dreamcast mwaka 1999 kwa soko la Marekani, mashine nzuri mno, iliyokuja na modemu ndani yake, wengi walisita na kuisubiri PlayStation 2. Januari 2001 Sega akatangaza kwamba anaacha kuunda konsoli. Kulikuwa na sababu nyingine, kama Electronic Arts kukataa kuitengenezea gemu, lakini mimi naamini mnunuzi aliyewahi kutelekezwa anakumbuka.

Katika wageni wa karibuni ninayemtazama kwa matumaini ni Valve, mwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Jaribio lake la kwanza la mashine za sebuleni, mwaka 2015, lilizama kwa kukosa gemu, maana zilitumia mfumo wa uendeshaji wa Linux na gemu nyingi ziliandikwa kwa mfumo wa Windows. Badala ya kuwalaumu watengenezaji, akashughulikia Proton, programu inayowezesha gemu za Windows kucheza kwenye Linux, akaitoa mwaka 2018. Februari 2022 ikaja Steam Deck, mashine yake ya kushika mkononi, na aliyekuwa na gemu zake kwenye Steam tangu zamani alikuta nyingi zikifunguka mle bila kununua upya. Valve akiacha kuiunda kesho, gemu hizo bado zinachezeka kwenye kompyuta. Mzunguko ule uliomuua 3DO aliukwepa kwa kuja na gemu ambazo watu tayari wanazo. Sisemi ni malaika. Akaunti ya Steam nayo iko mikononi mwa kampuni moja, na siku ikitetereka tutalia wengi.

Mdogo wangu, nilipomsomea swali lenu, alisema hanunui tena kwa mgeni yeyote. Namwelewa, na sikumbishia. Lakini kura yangu nimeigeuza: nafasi ipo, na mgeni mwenye gemu zinazohamishika nitamnunulia, ingawa si mwaka wa kwanza. Kabla sijalipa nataka ahadi iliyoandikwa ya mambo matatu: gemu ya mchezaji mmoja ifunguke bila intaneti, kumbukumbu za mchezo zipakulike, na siku ya kufunga litoke sasisho la kuondoa kufuli. Kama kampuni hiyo haiko tayari kuyaandika hayo kwenye mkataba ule mrefu ambao sote tunaukubali bila kuusoma, basi mhariri, kura yangu ihesabuni hapana.